Jinsi nilivyopata leseni ya klabu ya usiku Kisumu kwa kuanzia nyumbani kwa jirani

Nilipoamua kuigeuza baa yangu, iliyo kando ya barabara iendayo Dunga mjini Kisumu, iwe klabu ya usiku, nilijua kwamba kikwazo kikubwa hakingekuwa ada wala makaratasi. Kwa mujibu wa sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi wetu huiita sheria ya Mututho, baa hufungwa saa tano usiku, ilhali klabu huruhusiwa kuendelea hadi saa tisa. Saa hizo nne ndizo zinazowalipa wafanyakazi wangu mishahara, na ndizo saa ambazo jirani amelala. Katiba ilizikabidhi kaunti leseni za vileo pamoja na udhibiti wa kelele, hivyo jambo hili huamuliwa hapa hapa: ombi hutangazwa, wakazi huwasilisha pingamizi wakiwa nalo, na kamati husikiliza pande zote.

Pingamizi lilikuja, likiwa na sahihi za wakazi wa nyumba zilizo upande wa ziwani. Kabla ya kumwona wakili, nilimwomba mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekusanya sahihi hizo, anikaribishe kwake usiku wa Ijumaa wakati muziki ulikuwa ukichezwa kama kawaida. Hakunihutubia. Alinishika mkono, akauweka juu ya kioo cha dirisha la chumba wanamolala wajukuu wake, nami nikahisi kioo kikitetemeka kwa kila pigo la besi. "Mwanangu, maneno ya wimbo siyasikii," aliniambia, "lakini hii ngoma naisikia kifuani."

Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hata katika mtaa wenye makazi, biashara na kumbi za burudani kwa pamoja. Hicho ni kiwango cha chini sana, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takriban desibeli 60. Mtaalamu niliyemwajiri alikuja na kipimo kilichohakikiwa, kwani programu ya simu haitoshi mbele ya kamati, akanieleza jambo ambalo naona kila mwenye klabu anafaa kulijua: namna ya kupima inayotumiwa na kanuni hizo huzipa sauti nzito uzito mdogo, kwa sababu sikio la binadamu nalo huzipokea hafifu, kwa hivyo unaweza kuishusha namba kwenye karatasi bila kumwondolea jirani mtetemo hata kidogo. Tulipima kwa namna mbili, moja ya kanuni na nyingine inayohesabu besi kikamilifu, tena tulipimia uani kwa jirani na si mlangoni mwangu. Tulizingatia pia upepo, kwa maana usiku huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani na kuibeba sauti moja kwa moja hadi kwenye nyumba zile.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye spika za besi. Zilikuwa zimeegemea ukuta wa nyuma, na ukuta ndio uliokuwa ukipeleka mtetemo nje. Tukazihamishia katikati ya ukumbi na kuziweka juu ya mpira mzito. Chini ya paa la mabati tulijenga dari ya tabaka mbili za jipsamu, na katikati yake tukajaza sufu ya mawe, yaani nyuzi za kufyonza sauti. Mlango mmoja ukawa miwili yenye kijichumba katikati, ili mteja anapoingia mlango wa pili uwe umefungwa. Kwenye mitambo tuliweka kidhibiti cha sauti ambacho didijei hawezi kukigusa, na ufunguo wake ninao mimi. Gharama ilikuwa kubwa, na sijutii hata shilingi moja.

Tulipopima upya, muziki ulikuwa umezama chini ya sauti za kawaida za mtaa, lakini yule mama alikuwa na hoja nyingine, tena ya haki: wateja wanapotoka saa tisa hupiga kelele, milango ya magari hubamizwa, na bodaboda hupiga honi wakigombania abiria. Kelele hiyo haizuiwi na dari. Nilikaa na mwenyekiti wa steji ya bodaboda, tukakubaliana wasubiri kwenye barabara kuu, na nikaweka walinzi wawili wa kuwasindikiza wateja hadi huko.

Ukaguzi wa afya ya umma, cheti cha zimamoto na vibali vya muziki vilipita bila shida. Mbele ya kamati niliwasilisha vipimo vya kabla na baada, pamoja na masharti niliyoomba yaandikwe kwenye leseni yangu: bendi za ohangla, muziki wa Waluo, zimalize saa sita, milango ibaki imefungwa, na namba ya meneja wa zamu ipewe kila nyumba iliyotia sahihi. Wakazi waliondoa pingamizi, nami nikapewa leseni. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka, na kila simu ya jirani huandikwa katika daftari pamoja na saa iliyopigwa na hatua tuliyochukua, kisha daftari hilo huambatanishwa na ombi langu.