Mlango wa faibaglasi haunywi rangi

Nimekulia Tanga kwa baba fundi seremala, kwa hiyo mlango kwangu ni mninga, mvule au mkangazi. Huku Houston, Marekani, mlango wetu wa mbele ni faibaglasi, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, iliyochapwa mistari ya mbao. Ukiwa barabarani utaapa ni mti. Ugonge kwa kidole uone: ndani ni povu la plastiki tupu.

Mbao hunywa rangi, faibaglasi hainywi kitu. Ile rangi nyepesi ya mbao tuliyozoea inateleza na kujikusanya kwenye kona za paneli. Kinachotakiwa ni rangi ya jeli, nzito, inayokaa juu na kujaza vile vifereji vya mistari. Mlango nao uwe wa kupakwa rangi ya mbao. Ile myeupe iliyo laini haina mistari, na bila mistari utapata matope tu.

Kuchagua rangi kulituletea ubishi. Mume wangu alitaka kahawia iliyokaribia nyeusi. Nikakataa, kwani mlango wetu unatazama magharibi, na rangi nyeusi hufyonza joto. Ukiwa na mlango wa pili wa kioo kwa nje ndiyo balaa, joto linanaswa katikati. Nikachukua kahawia yenye wekundu, ile ya mninga uliokwisha kupigwa vanishi. Usiamini kadi ya dukani. Paka kidogo upande wa ndani, chini karibu na bawaba, uangalie vizuri, kisha ufute kwa thina kabla haijakauka.

Kazi yenyewe nilisubiri Novemba. Makopo mengi yanataka joto la kati ya nyuzi 50 na 90 za Farenhaiti, na Julai ya hapa haina huruma. Jua likiupiga mlango, jeli inakauka mkononi mwako. Niling'oa kitasa, nikaubandua mlango nikaulaza juu ya farasi wa seremala, vile viegemeo vya miguu minne, nikabandika utepe kwenye kioo, nikaufuta mafuta ya mikono ya watu.

Anza na paneli, halafu mbao za kusimama za katikati, kisha za kulala, mwisho zile ndefu za pembeni. Unasugua jeli kwa tambara hadi iingie kwenye mistari, unaifuta, na hapo mlango unatisha: mabaka mabaka, utadhani umeuharibu. Tulia. Chukua brashi kavu, uipitishe kwa wepesi sana kufuata mistari, ukiifuta kila baada ya mikupuo kadhaa. Mabaka yanatawanyika, giza linabaki kwenye vifereji, na mti unajitokeza mbele ya macho yako. Hapo ndipo baba angeniuliza ni mbao gani hii.

Ikikauka, rudia ukitaka iwe nzito zaidi. Mimi nilirudia. Kisha vanishi ya nje yenye kinga ya jua, mipako miwili au mitatu, na kingo zote usizisahau. Hii vanishi ndiyo inayopigwa na jua badala ya rangi, kwa hiyo mng'ao ukianza kufifia, paka nyingine mapema. Ukingoja imenyauka, utarudi kukwangua hadi chini.

Na yale matambara yenye mafuta ya jeli usiyafinyange ukayatupa kwenye pipa. Hupata moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji, ufunike.