Siku yangu moja kazini Dodoma, na kijana aliyetoka Goma, Congo

Saa 12 asubuhi upepo ushaamka kabla yangu, vumbi hadi kwenye kikombe cha chai. Mi ni mshauri nasaha, na kwenye daladala nikitaja tu kazi yangu lazima mtu aulize "uko Mirembe?", ile hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, halafu kicheko. Utani huohuo ndo unafanya watu wachelewe kuleta watoto, wanaogopa jirani atasema kachanganyikiwa.

Saa 3 kaja mama mmoja na kijana wa miaka 15, mtoto wa wifi yake, alitoka Goma baada ya waasi wa M23 kuuteka mji Januari 2025 (nimebadilisha vitu kidogo asijulikane). Mama analalamika haamkii, usiku macho tu, mchana akiguswa anafoka. "Dada mi naona kiburi tu." Nikamwambia kwanza huko kwao shikamoo siyo lazima kama huku, pili umri huu wengi hawalii, wanakasirika au wananyamaza kabisa.

Sasa kosa langu. Alipokuja mara ya kwanza nilimbana anisimulie kila alichoona, nikidhani akitoa yote moyoni atapona, wiki nzima akalala vibaya zaidi. Na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri usimlazimishe mtu kusimulia, nimesoma hayo chuoni kabisa sijui akili ilienda wapi! Leo nimemuuliza tu kala nini, na mpira anacheza namba ngapi. "Kipa." Hilo tu, ila kalisema akiniangalia.

Saa 5 hivi bodaboda ikapita nje ekzosi ikapiga paa! Kijana yuko chini ya meza. "Nilizani ni masasi." Masasi kwao ni risasi. Sikumwambia hakuna kitu, nikakaa naye sakafuni tukavuta pumzi taratibu, tukataja vitu tunavyoviona mle ndani, feni, ndoo, kalenda, viatu vyangu vyenye vumbi, mpaka mikono ikatulia. Mama mlangoni kaziba mdomo na mtandio. "Kumbe."

Mchana ripoti, ripoti, wali maharage. WHO 2019 walikadiria kama mtu 1 kati ya 5 kwenye maeneo ya vita ana tatizo la afya ya akili, wengi bado wanarudi sawa wakipata usalama na ratiba ya kawaida. Nikampigia mwalimu wa yule kijana, amkalishe karibu na mlango aone nani anaingia.

Saa 2 usiku meseji ya mama: "Dada samahani, glavu za kipa Sabasaba wanauza bei gani?"