Mgeni wa kusi

Nimerudi Unguja kutoka kwetu Pemba tokea juzi na nguo bado zimo begini, harusi ya mdogo wangu imepita salama alhamdulillahi na kazini wametuhamishia ghorofa ya juu, lakini yote hayo sina hamu nayo, kichwa kizima kimekaa na yule babu wa ziwani.

Jumamosi, watu wamelala bado kwa uchovu wa harusi, nikamwomba kaka anipeleke kwa honda mpaka lile ziwa la bondeni tulilokuwa tukiogelea utotoni. Namtaka kulastara wa Bukini, yule ndege wa majini wa Madagaska. Mnaonisoma mnajua nimemtafuta kusi tatu, zote huku mjini, Bwawani. Yule huzaa kwao Bukini, wengine Aldabra na Mayotte, kusi ikishika anavuka bahari anakuja kwetu na bara, anakaa tokea Mei mpaka Oktoba hivi, na wamebaki wachache duniani, wamo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Wakati wa kuzaa anakuwa mweupe pepe na mdomo wa buluu, akija huku keshavaa hudhurungi ya michirizi, anafanana na kulastara wa kawaida mpaka unachoka, uangalie mgongo kama umekoza, mdomo kama mnene. Watu wanapanda boti kwenda Pemba kumuona ninga, na wana haki, manake ninga yule hayupo popote pengine, lakini moyo wangu mi uko kwa huyu.

Nimekaa chini ya mwembe saa nzima, yangeyange tu na mdiria mmoja. Akaja babu na ng'ombe wake.

"Sabalkheri babu, shikamoo."

"Marahaba. Watafuta nini na darubini hiyo?"

Nikamwambia kuna ndege mgeni, katoka Bukini, adimu sana, nikampa simu aione picha. Akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati na utomvu mweusi umeingia kwenye ufa.

"Huyu? Huyu si mgeni. Kila kusi yupo hapa, hukaa pale penye ndago." Kisha akaniangalia. "Wewe wa nani?"

Nikamtajia bibi, Mungu amrehemu.

"Aa. Basi mgeni ndiwe wewe."

Hakusema kwa ubaya, alitabasamu hata. Lakini kwenye boti nzima nilikuwa naisikia, ndiwe wewe, ndiwe wewe, na mpaka leo najibu peke yangu jikoni, kuwa nampigia mama kila Ijumaa, kuwa hela natuma, kuwa kazi haitoi ruhusa. Pale pale nilinyamaza tu. Manake nimehesabu, kusi tatu hizi nimefika kwetu mara mbili, hitima ya bibi na harusi hii, na mara zote mbili tiketi ya kurudi nilikuwa nayo mkononi kabla sijashuka botini.

Babu akanyoosha fimbo. "Yule pale, tokea ulipofika yupo." Mi naona bonge la udongo kwenye ndago. Ng'ombe akatia mguu majini na lile bonge likafunua mbawa, nyeupe, nyeupe jamani, likaruka kidogo likatua upande wetu likawa udongo tena! Nikamtia kwenye darubini, mgongo umekoza kama kahawa, mdomo mnene, jicho la manjano halipepesi. Akasimama vile mpaka mi pumzi ikaniisha, halafu shingo ikatoka mara moja na chura kashikwa mguu. Mikono ilinitetemeka picha sikupiga, nikalia, na babu akakaa na mimi chini wala hakuuliza nalia nini, tukamtazama mpaka jua likawa kali.

Wakati anaondoka kaniambia, "Mwakani uje mapema, nikuangushie madafu." Nimeshaomba likizo ya Juni. Ya wiki mbili, si siku tatu.

Saivi kaka kaniandikia mvua imewakuta karafuu ziko majamvini hazijakauka na mama katoka mwenyewe kuzizoa kizani na goti lake lile. Nimempigia mara tatu, hapokei.