Kindi mfitini na farasi wa miguu minane

Jumamosi mimi na binti yangu wa miaka saba tulikuwa kwenye warsha ya sanaa ya watoto, ukumbi wa mtaa wetu hapa Oslo. Mada: miungu ya kale ya Skandinavia.

Ukuta mzima ulibandikwa karatasi, watoto wakachora Yggdrasil, mti unaounganisha dunia tisa. Juu yuko tai, mizizini joka Nidhogg anaitafuna, na kati yao kindi Ratatosk anapanda na kushuka akipeleka matusi ya huyu kwa yule. Nikawaambia kwetu mtu wa hivyo anaitwa mfitini. Wakalidaka neno papo hapo! Mpaka tunaondoka, Wasomali kwa Wanorwei, wote wanaimba "mfitini, mfitini".

Binti yangu alimchagua Sleipnir, farasi mwenye miguu minane wa Odin, mkuu wa miungu hiyo. Tulimtengeneza kwa maboksi, na gundi ikatusumbua, miguu miwili ikadondoka mara tatu. "Mama, akiwa na sita si Sleipnir," akaniambia, akabandika tena.

Walionigusa mimi ni kunguru wawili wa Odin, Hugin na Munin, yaani Fikra na Kumbukumbu. Kila siku huruka kuizunguka dunia. Odin huhofia Hugin asije asirudi, lakini humhofia Munin zaidi. Nimemwacha mama yangu Tanga miaka kumi na moja sasa. Nilishika mkasi nikanyamaza kidogo, kisha nikamkata Munin mwenyewe kwa karatasi nyeusi. Yuko dirishani jikoni.