Kutibu minyoo ya samaki wa dhahabu bila kudhoofisha kinga yao

Samaki wa dhahabu akijikwaruza kwenye kokoto mara moja moja, sina wasiwasi. Wangu walikuwa wakijikwaruza kutwa nzima: wanachomoka ghafla, wanajipiga ubavu chini, kisha wanasimama karibu na mdomo wa chujio mapezi yameshikana na mwili. Mmoja, yule mwenye mkia mrefu, alikuwa anapumulia tamvua la upande mmoja tu. La pili alilifunga kabisa.

Nilianza na maji. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote sifuri; pH, kipimo cha uchachu wa maji, haijayumba. Basi tatizo lilikuwa mwilini mwao. Wafugaji wenzangu walinishauri haraka haraka: tia formalini na malakaiti ya kijani, kemikali kali za kuua vimelea, ongeza chumvi, pandisha joto, kazi imekwisha. Nilikataa. Nimeshaona samaki wakiondolewa vimelea vyote, halafu wakashikwa na vidonda vya bakteria baada ya dawa na kufa, na kila safari lawama inaangukia vimelea.

Kinga ya samaki inaanzia nje, kwenye ule ute unaoteleza mkononi. Ndani yake mna lisozaimu inayovunja kuta za bakteria, mna kingamwili, na ute wenyewe hubanduka kila wakati ukiondoka na wadudu walionasa. Formalini na pamanganeti ya potasi, kemikali nyingine ya kuua vimelea, haziwezi kutofautisha mnyoo na ngozi ya samaki. Zikizidi, zinaunguza vyote viwili, na bakteria kama Aeromonas, ambao huwa wamo majini siku zote, wanapata mlango. Formalini pia hupunguza oksijeni kwenye maji, wakati matamvua yaliyoshambuliwa na minyoo yameshavimba na hayapitishi hewa vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Samaki hana uboho kwenye mifupa kama sisi. Seli zake nyingi za kinga hutengenezwa kwenye sehemu ya mbele ya figo, na nyingine hukaa kwenye wengu. Sehemu hiyohiyo ya figo ndiyo inayotoa kotisoli, homoni ya msukosuko. Ukimvua kwa wavu, ukamhamisha, ukambadilishia joto ghafla na kumlundikia dawa tatu kwa mpigo, kotisoli hupanda, na ikibaki juu kwa muda mrefu seli nyeupe zinapungua nguvu. Kwa hiyo matibabu yenyewe yana gharama kwa kinga, na gharama hiyo inalipwa na samaki ambaye tayari ni mgonjwa.

Nilimpeleka yule mwenye mkia mrefu kwa daktari wa wanyama mwenye hadubini. Alipitisha kipande cha kioo taratibu ubavuni, kuelekea mkiani, akachukua ute mdogo sana, akaudondoshea tone la maji ya tangi. Akanipisha nitazame. Mnyoo mwembamba, mng'avu, alikuwa anajinyoosha na kujikunja huku nyuma amejishikiza kwa kulabu mbili kubwa. Tumboni mwake alionekana mtoto ambaye naye ameshaota kulabu zake. Huyo ni Gyrodactylus, anazaa watoto hai. Kwenye matamvua tulimpata ndugu yake, Dactylogyrus, mwenye vidoa vinne vya macho, na huyu hutaga mayai.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua ratiba yote. Daktari alichagua prazikwanteli, dawa inayowapiga minyoo hawa huku ikiwa laini kwa samaki kuliko formalini. Ila haiui mayai. Dozi lazima irudiwe baada ya mayai kuanguliwa, kabla watoto hawajakua na kutaga, na maji yakiwa ya baridi mayai huchelewa kuanguliwa, kwa hiyo subira inaongezeka. Unga wake hauyeyuki kirahisi. Niliutikisa kwenye chupa ya maji ya tangi hadi mabonge yakaisha, ndipo nikaumwaga taratibu mbele ya mkondo wa chujio. Mkaa wa kuchujia niliutoa kwanza, maana ungeifyonza dawa. Pampu ya hewa niliongeza ya pili.

Sikuwahamisha samaki, wala sikugusa joto. Chumvi niliweka gramu 1 tu kwa lita, nikiigawa kidogo kidogo, kwa ajili ya kuwapunguzia samaki kazi ya kusawazisha chumvi na maji mwilini. Dawa nyingine yoyote sikuichanganya.

Muda baina ya dozi niliuhesabu kuwa sehemu ya matibabu. Nilibadilisha maji kwa kuweka mengine yaliyotolewa klorini, yenye joto lilelile, na nikapima amonia kila asubuhi, kwa sababu dawa ikisumbua bakteria wa chujio wanaovunja amonia, amonia hupanda na kuunguza matamvua yanayojaribu kupona. Chakula nilipunguza lakini sikukata. Samaki wa dhahabu hawezi kujitengenezea vitamini C, na hiyo vitamini huharibika chakula kikikaa wazi muda mrefu, kwa hiyo nilifungua kopo jipya, dogo, nikaongeza njegere zilizochemshwa na kumenywa.

Baada ya dozi ya mwisho tulirudi kwa daktari. Ute ulikuwa safi, na kwenye matamvua hakukuonekana kitu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka na kidonda, wala pezi lililooza. Yule mwenye mkia mrefu alichukua muda mrefu kuliko wenzake kabla ya kufungua matamvua yote mawili, na nadhani dozi kali ya formalini ingemmaliza.

Samaki mpya sasa anakaa tangi la peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa. Simpi dawa yoyote ya tahadhari. Namwacha azoee maji, ale, na kabla hajaingia kwa wenzake ute wake unapita kwenye hadubini. Kikionekana kimelea, kinatibiwa hicho hicho kilichoonekana.