Ukimuuliza anajisikiaje, atajibu "poa tu"

Mraibu wa pombe akiulizwa na mshauri "unajisikiaje?", jibu huwa "poa" au "kawaida". Ndugu zake hudhani anaficha. Mara nyingi hafichi. Kitu kinamsumbua kweli, ila hana jina lake. Wataalamu huiita hali hii aleksithimia, neno lililotungwa na daktari wa akili Peter Sifneos mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waraibu wa pombe wanayo kuliko watu wengi.

Hupimwa kwa dodoso la TAS-20: kauli 20, kila moja alama 1 hadi 5. Jumla ikifika 61, ipo. 52 hadi 60 ni mpakani. Usimpime mtu siku za kwanza za kuacha pombe. Wasiwasi na huzuni za siku hizo hupandisha alama, kwa hiyo mwache wiki tatu au nne kwanza.

Penye kazi hasa ni mwilini. Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka: inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa arosto, yaani mwili kudai pombe uliyoizoea. Kwa miaka yote alikuwa na dawa moja ya zote tatu, kuzimua, basi hakuwahi kulazimika kuzitofautisha. Anza na saa. Aliyekuwa akinywa sana kila siku, akitetemeka ndani ya siku chache za kwanza tangu glasi ya mwisho, si wa kuulizwa hisia, ni wa kupelekwa hospitali. Degedege la arosto huua. Kama wiki zimepita, uliza amekula lini, amelala saa ngapi. Chakula kikishindwa kuituliza hali hiyo, hapo ndipo mtafute jambo: nani kapiga simu, deni gani limekumbukwa.

Kiswahili kinasaidia hapa. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia aibu, kwa kitenzi kilekile. Mwambie aandike mara tatu kwa siku mstari mmojamoja: sehemu ya mwili, inafanyaje, kilichotangulia. "Kifua kinabana, baada ya bosi kupita." Jina la hisia lije mwisho, tena mpe mawili achague: ni aibu au ni hasira? Ukimwachia uwanja wote ataandika "stresi", na stresi haikuambii kitu. Hasira nayo itiliwe shaka, maana chini yake mara nyingi kuna aibu au upweke.

Wakorofi wa zoezi hili ni washauri wenye haraka wanaomtajia mtu hisia yake. Ataitikia, kwa adabu tu.

Nyumbani kuna shida nyingine: nyuso za wenzake pia huzisoma vibaya. Uso wa mke aliyechoka yeye huuona umekasirika, naye hujihami au hutoka kwenda kilabuni. Mke asitegemee uso wake uongee. Aseme kwa mdomo: "Nimechoka, sijakukasirikia."