Nani aliyahesabu maua?

Binti yangu yuko darasa la kwanza hapa Guangzhou, China. Jana usiku, mvua ikinyesha, alinighania shairi la Meng Haoran, mshairi wa Kichina aliyeishi mwaka 689 hadi 740. Linaitwa Chunxiao, alfajiri ya majira ya kuchipua. Lina herufi 20 tu za Kichina! Mtu kalala fofofo hata hakujua kumekucha, anasikia ndege kila upande, anakumbuka upepo na mvua ya usiku, anawaza ni maua mangapi yameanguka.

Akanyamaza kidogo. "Mama, mbona hakuamka akayahesabu?"

Nilianza kumweleza habari ya huzuni, ya vitu vizuri vinavyopita. Akanikatiza: "Basi mimi nitamhesabia."

Asubuhi tukatoka mapema. Karibu na geti letu kuna mti wa jamii ya msufi, maua yake makubwa, mekundu sana. Akahesabu kwa Kiswahili, lugha ya bibi yake, nami machozi yananilenga. Alipofika 37, mzee mmoja aliyekuwa akiyaokota akayaanike kwa ajili ya chai akamkabidhi moja.

Akaniangalia. "Mama, na hili nilihesabu?"